Uso wa Yuda ulipomtesa Leonardo: Stori ya ile picha iliyo sebuleni kwa nyanya yako

UNAIJUA hii picha. Hata kama hujawahi kukanyaga makumbusho yoyote maishani mwako, unaijua. Iko sebuleni kwa nyanya yako, imening'inizwa juu ya kabati la vyombo, kando ya kalenda ya sacco na picha ya harusi iliyoanza kugeuka manjano. Iko kwenye saa za ukutani zinazouzwa Kamukunji na kwenye vile vitambaa vya velveti. Mimi nimewahi hata kuiona nyuma ya matatu: Yesu katikati, mitume kumi na wawili kando yake, wote wamebanana upande mmoja wa meza kana kwamba mpigapicha amewaambia wasongee kidogo ndio watoshee.

Tunaiita Karamu ya Mwisho. Aliyeichora ni Leonardo da Vinci, mjini Milan, Italia, kuanzia mwaka wa 1495 hivi hadi 1498. Hayo huenda uliambiwa shuleni. Ambacho huenda hukuambiwa ni vile kazi hiyo ilimhangaisha, ikamkasirisha aliyemlipa, ikakwama kwenye uso mmoja, na ilipokamilika ikaanza kubanduka ukutani mwenyewe akiwa bado hai.

Nilianza kuifuatilia stori hii kwa sababu ya rafiki yangu mmoja wa Kayole. Huyu jamaa ni msanii wa kuta. Amechora vinyozi, maduka ya simu, nasari, baa mbili ambazo mamake hajui. Mwaka jana alipata kazi ya kuchora Karamu ya Mwisho kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa moja mtaani, mahali watoto wa Sunday school hukaa. Akalipwa Sh15,000 za kuanzia. Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda fiti: meza ikatokea, madirisha yakatokea, mitume saba wakapata sura. Kisha akafika kwa Yuda na kila kitu kikagoma.

Alichora Yuda mara nne. Mara ya kwanza alifanana na shetani wa katuni. Mara ya pili, kwa bahati mbaya, alifanana na mzee mmoja wa kanisa, na huyo mzee akauliza. Mara ya tatu na ya nne hata hakufanana na mtu. Jamaa akafunga mikebe ya rangi, akaenda nyumbani, akaanza kuona simu ya pasta ikiita na kuiacha iite.

"Kijana wangu, tuko wapi?" ndiyo meseji ya mwisho aliyonionyesha. Pesa za kuanzia zilikuwa zimeisha kitambo, nusu kwa rangi na nusu kwa kodi ya nyumba.

Kama wewe ni mtu wa kubuni vitu, iwe ni kuchora, kuandika, kutengeneza biti au kushona, hiyo hali unaijua vizuri. Kwa hivyo wacha nikupeleke Milan.

Mtu wa kuacha vitu katikati

Leonardo alipopewa ule ukuta alikuwa na miaka 40 na kitu, na alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, kila mtu alijua ana kipaji cha ajabu. Ya pili, kila mtu alijua hamalizi kazi.

Sifa hiyo ya pili hakusingiziwa. Mwaka wa 1481, watawa wa San Donato a Scopeto, nje kidogo ya Florence, walimpa kazi ya kuchora mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Akaanza kwa moto. Akapanga watu, farasi na magofu kwa ustadi ambao mafundi wa leo bado wanauchungulia. Halafu akahamia Milan na kuiacha hapo, ikiwa bado ya kahawia, nyuso nyingi zikiwa vivuli tu. Watawa wakangoja weee, mwisho wakampa kazi mchoraji mwingine, Filippino Lippi, ambaye aliikamilisha 1496. Mchoro wa Leonardo bado upo, uko Florence kwenye makumbusho ya Uffizi, na bado haujaisha.

Huko Milan alifanya kazi chini ya mtawala Ludovico Sforza. Huyu alikuwa amemwagiza sanamu ya farasi wa shaba, mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana, zaidi ya mita saba kwenda juu. Leonardo alitumia miaka mingi kwa huyo farasi. Akamfinyanga kwa udongo, watu wakamshangaa. Kisha mwaka wa 1494 vita vikanukia, na shaba yote iliyokuwa imewekwa kando kwa ajili ya sanamu ikapelekwa kutengeneza mizinga. Yaani fikiria umefanya kazi miaka hiyo yote halafu mali ghafi inageuzwa silaha.

Huyo ndiye mtu aliyepewa ukuta wa ukumbi wa kulia wa watawa wa Santa Maria delle Grazie. Ukuta wenyewe si mchezo. Mchoro una upana wa karibu mita 8.8 na kimo cha mita 4.6. Ni kama uchukue matatu mbili za abiria 14, uziegeshe pua kwa mkia, halafu uambiwe ujaze nafasi hiyo yote na watu 13 walioketi mezani, na kila mmoja awe na roho yake.

Shida ya watu 13 mezani

Hebu jaribu kuichora akilini. Watu 13 wanakula. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepigana, hakuna farasi wala radi. Kitu pekee kinachotokea ni sentensi: Yesu anawaambia kwamba mmoja wao atamsaliti. Utachoraje sentensi?

Wachoraji waliomtangulia walikuwa na njia yao. Ukiangalia Karamu ya Andrea del Castagno ya 1447 au ile ya Domenico Ghirlandaio ya 1480, zote za Florence, mitume wamekaa kwa mstari wakiwa watulivu, na Yuda amewekwa peke yake ng'ambo ya meza. Hata mtoto wa nasari angemwonyesha kwa kidole. Ni njia safi, inaeleweka, na ingemwokolea Leonardo miezi kadhaa.

Aliikataa. Akamhamisha Yuda, akamketisha katikati ya wenzake, upande ule ule. Akawagawa mitume kwa makundi manne ya watu watatu watatu, kila kundi likipokea ile habari kwa namna yake, kama mawimbi yanayoondoka kwa Yesu kwenda kila upande. Tomaso ameinua kidole. Petro amejitupa mbele na kisu mkononi. Yuda amejirudisha nyuma kidogo, uso wake uko kizani, mkono umekamata mfuko wa pesa.

Kwenye daftari zake tunaweza kumwona akitafuta. Ameandika kuhusu mmoja aliyekuwa akinywa akaacha kikombe na kugeuka. Mwingine anapindapinda vidole na kumtazama jirani amekunja uso. Mwingine amefungua viganja na kuinua mabega. Mahali pengine ameandika jina la mtu wa Parma ambaye mkono wake ungefaa kuwa mkono wa Kristo. Mkono tu! Alikuwa na mazoea ya kutembea na kijitabu kidogo na kuchora watu barabarani wakizozana, wakicheka, wakipatana bei. Leo tungemwona amesimama Muthurwa saa kumi na mbili jioni, akiwatazama makanga wakigombania abiria, na tungedhani ni kanjo.

Unaona basi kwamba ugumu alijiletea mwenyewe. Yuda wa Ghirlandaio hahitaji uso wa maana, maana kiti chake kinamsema. Ukishamketisha Yuda kati ya marafiki, kazi yote inabaki kwa uso. Ni lazima awe mtu ambaye wenzake wamekula naye miaka mitatu bila kumshuku, na hapo hapo wewe unayetazama umtambue. Hapo ndipo rafiki yangu wa Kayole alipokwama, mara nne, na hapo ndipo Leonardo alipokwama pia.

Siku za kutoshika brashi

Tunaye shahidi mmoja wa jinsi alivyofanya kazi. Matteo Bandello alikuwa mvulana wakati huo, na mkuu wa watawa hao alikuwa amu yake. Baadaye akawa mwandishi maarufu wa hadithi, na akasimulia aliyoyaona.

Kuna siku, anasema, Leonardo angepanda jukwaani alfajiri na asishuke hadi jua lizame, akasahau kula na kunywa, brashi haitui. Halafu zinafuata siku mbili, tatu au nne asipake hata tone. Alikuja tu, akasimama mbele ya mchoro saa moja au mbili amekunja mikono, akiwatazama watu wake na kuwahukumu kimoyomoyo. Na kuna siku, jua la adhuhuri likichoma, angetoka mbio kwenye karakana ya yule farasi wa udongo, akakatiza mji, akapanda jukwaa, akapiga brashi mara moja au mbili, akashuka na kwenda zake.

Mimi napenda sana hiyo ya tatu. Mtu anakatiza mji mzima kwenye jua ili aweke mistari miwili. Ni wazi alikuwa ametembea na ile picha kichwani siku nzima, akifanya kazi nyingine kabisa, na jibu likamjia.

Lakini jiweke kwenye viatu vya watawa. Ukumbi wao wa chakula umejaa mbao na vumbi kwa miaka. Wanakula chini ya watu wasio na nyuso. Na jamaa anayelipwa anakuja anasimama saa mbili amekunja mikono, kisha anaondoka. Wewe ungevumilia?

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika kitabu cha 1550, anasema mkuu wa watawa hakuvumilia. Alitaka Leonardo afanye kazi kama vibarua wanaolima shamba la watawa, jembe lisitue chini. Akaenda kumshtaki kwa mtawala. Leonardo alipoitwa, akaeleza kwamba watu wa kazi hii wakati mwingine wanafanya mengi zaidi pale wanapoonekana hawafanyi lolote, kwa sababu kwanza wanaiunda kazi akilini. Akasema amebakisha nyuso mbili, ya Kristo na ya Yuda. Ya Kristo hadhani ataipata duniani. Ya Yuda bado anaitafuta, lakini ikikosekana kabisa, kuna uso wa huyu mkuu wa watawa anayemsumbua. Mtawala akacheka sana, na mkuu wa watawa akarudi kusimamia shamba lake.

Ni stori tamu, lakini nikuambie ukweli: Vasari alizaliwa 1511, zaidi ya miaka kumi baada ya mchoro kukamilika. Aliisikia kwa watu. Mwandishi mwingine wa karne hiyo, Giraldi Cinzio, anaongeza kwamba Leonardo alikuwa akienda kila siku, mwaka mzima, kwenye mtaa wa Milan walikokaa majambazi, akitafuta uso wa Yuda. Chukua hizo kwa kipimo chako. Za Bandello mimi nazichukua zote.

Na tukiwa hapo hapo kwa Yuda, kuna ile stori inayozunguka WhatsApp na ambayo bila shaka umeisikia ikihubiriwa: eti Leonardo alimpata kijana mtanashati akamchora kama Yesu, na baada ya miaka mingi akamwokota mlevi gerezani amchore kama Yuda, kumbe ni yule yule. Hakuna ushahidi wowote wa hilo. Isitoshe, kazi nzima ilichukua kama miaka mitatu hivi. Ukiona mtu ameanza kuisimulia, msikize kwa heshima, lakini usiforwadi.

Kuna barua ambayo si uvumi. Juni 1497, Ludovico Sforza alimwandikia katibu wake akimtaka amhimize Leonardo amalize kazi ya ukumbi wa watawa, na atie sahihi kwa mkono wake kwamba ataimaliza kwa muda watakaokubaliana. Yaani mwajiri alichoka hadi akataka mkataba mpya wenye dedilaini. Na alikuwa na sababu. Mkewe, Beatrice d'Este, alikuwa amefariki Januari mwaka huo akiwa na miaka 21 tu, akazikwa kwenye kanisa la hao watawa. Mahali hapo palikuwa pamekuwa pa huzuni kwake, na alitaka pakamilike.

Nilipomsomea rafiki yangu habari za hiyo barua, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe hata yeye alikuwa anapigiwa simu na pasta."

Ukuta ulio mkabala

Sasa kuna sehemu ambayo huwa haiwekwi kwenye video za kutia moyo, nami sitaificha.

Njia ya kawaida ya kuchora ukutani Italia wakati huo ilikuwa hivi. Fundi anapaka plasta mbichi ya chokaa sehemu ndogo, inayotosha kazi ya siku moja. Mchoraji anapaka rangi iliyochanganywa na maji juu ya plasta hiyo ikiwa bado na unyevu. Chokaa inapokauka inaifungia rangi ndani yake, na mchoro unakuwa sehemu ya ukuta. Unaweza kukaa karne na karne. Ila kuna bei: ni lazima ufanye haraka, na ukishapaka, umepaka. Ukikosea, unabandua plasta na kuanza upya.

Kwa mtu anayekunja mikono saa mbili kabla ya kuweka mistari miwili, njia hiyo ni kifungo. Leonardo akabuni yake. Aliacha ukuta ukauke, akaupaka tabaka la kuandalia, akachora juu yake kwa rangi zilizofungwa kwa yai na mafuta, kama anayechora kwenye ubao. Hivyo angeweza kurudi, kufuta, kuongeza kivuli, kubadilisha mkono, kukaa na Yuda hadi Yuda amjibu. Bila uamuzi huo hatungekuwa na zile nyuso.

Na uamuzi huo ndio uliouharibu mchoro. Ukuta ulikuwa na unyevu, na rangi iliyokaa juu ya ukuta, haikuingia ndani. Kama umewahi kuishi kwenye ploti ambayo rangi ya bafu hujikunja na kudondoka kama maganda, unaelewa kabisa kilichotokea. Kufikia 1517 mgeni mmoja aliyepita hapo, Antonio de Beatis, aliandika kwamba mchoro umeanza kuharibika. Leonardo alikuwa bado hai, akiishi Ufaransa, ambako alifariki 1519. Vasari alipouona baadaye katika karne hiyo, alisema hakuona ila madoa.

Kinachouma ni hiki. Kwenye ukuta wa mkabala, ndani ya ukumbi huo huo, kuna Kusulubiwa kwa Yesu kulikochorwa na Donato Montorfano mwaka wa 1495. Wengi hawajawahi kumsikia. Alitumia plasta mbichi kama kawaida, akamaliza, akaenda nyumbani. Mchoro wake bado uko imara. Leonardo aliongeza hapo picha za Ludovico, Beatrice na watoto wao, kwa mbinu yake ya rangi juu ya ukuta mkavu, na hizo zimefutika karibu zote. Ukisimama katikati ya ukumbi unaona mambo yote mawili, moja kila upande.

Nani alikuwa sahihi? Nimebishana na watu kuhusu hili. Kuna wanaosema Leonardo alikuwa mzembe, alicheza na pesa za watu kwa mbinu ambayo hakuijaribu vya kutosha. Naona wana pointi. Lakini watu wanasafiri kutoka pembe zote za dunia, wanakata tiketi mapema, wanaingizwa kwa vikundi vidogo na kupewa dakika 15 pekee humo ndani, na sijasikia hata mmoja aliyekwenda kwa ajili ya Montorfano.

Baada ya hapo mchoro ulipitia mambo. Mwaka wa 1652 watawa walitoboa mlango chini katikati, wakakata miguu ya Yesu. Wanajeshi wa Napoleon walipofika Milan 1796, ukumbi ukafanywa zizi la farasi. Wakarabati wa karne ya 18 walipaka rangi zao juu ya rangi za Leonardo, wengine wakawapa mitume nyuso mpya kabisa. Agosti 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, bomu liliangukia ukumbi, paa na ukuta mmoja vikaporomoka. Ukuta wa Karamu ulikuwa umekingwa kwa magunia ya mchanga. Ukabaki umesimama.

Kisha akaja mwanamke anayeitwa Pinin Brambilla Barcilon. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1999, yeye na wenzake waliusafisha mchoro kipande kwa kipande, wakitazama kwa darubini, wakiondoa rangi za watu wa baadaye, gundi na uchafu, ili wafikie kile kidogo cha Leonardo kilichobaki. Zaidi ya miaka 20. Leonardo mwenyewe alitumia kama mitatu. Fikiria kuna siku alishuka jukwaani akiwa amesafisha sehemu ndogo kama stempu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya siku. Kuna vipande hawakupata chochote cha kuokoa, wakaviacha na rangi hafifu ya maji badala ya kubuni. Kwangu mimi, huyo mama ni shujaa wa stori hii sawa na Leonardo.

Katika kazi hiyo ndipo kilipochunguzwa kitundu kidogo cha msumari kwenye paji la uso la Yesu, upande mmoja. Leonardo alipigilia msumari hapo ili mistari yote ya chumba, dari na kuta, ikutane mahali hapo, kama fundi wa mjengo anavyovuta kamba kabla ya kupanga mawe. Mambo mengine ya sanaa ni hesabu tu.

Murang'a, halafu Kayole

Nilimwambia rafiki yangu kwamba kuna Karamu nyingine ambayo haihitaji viza. Kanisa kuu la St James, Murang'a, lina michoro mitano mikubwa ya Elimo Njau: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Njau alizaliwa 1932 huko Tanzania, akasomea sanaa Makerere, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Michoro ya Murang'a aliikamilisha 1959, akiwa bado kijana wa miaka 20 na kitu. Kanisa lenyewe ni kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Fikiria mzigo huo: unachora usaliti na kifo mbele ya waumini ambao wamewazika watu wao juzi tu. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya hapa kwetu. Msimamo wa Njau kuhusu wasanii wa kunakili unajulikana, alikuwa akiwaonya kila mara kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi.

Jamaa akapanda matatu Jumamosi moja, akaenda. Aliporudi hakusema mengi. Jumatatu yake alinunua rangi nyeupe, akamfuta Yuda wa nne. Kisha, jambo ambalo sikutarajia, akamfuta na Petro, ambaye mimi nilidhani ametoka poa. Akampigia pasta simu mwenyewe.

"Shikamoo pasta. Nilipotea, nisamehe. Nipe wiki sita, na usiniongezee pesa."

Pasta, naambiwa, alikaa kimya muda, halafu akauliza kama anaweza kuletewa angalau Yesu kabla ya Pasaka.

Yuda wa tano anafanana na jamaa mmoja wa kawaida sana, kijana mwenye shati safi, aina ya mtu ambaye ungempa simu yako akushikie ukienda kunawa. Ameegemea nyuma kidogo. Mchoraji alikaa stejini siku nne akitazama watu wanaosubiri chenji ili ampate. Watoto wa Sunday school tayari wanabishana ni yupi, na mwalimu wao ameniambia kwamba mara ya kwanza wengi walimwonyesha Petro, kwa sababu ya kisu.

Sasa hivi amekwama mahali pengine. Picha aliyokuwa akiitazama kwenye simu ilikuwa ya ule ukuta wa Milan, na chini ya meza, katikati, Yesu hana miguu, kuna mlango. Pasta anataka miguu. Ziko nakala za zamani zinazoionyesha, zilizochorwa na watu waliofanya kazi karibu na Leonardo kabla ya ule mlango kutobolewa. Nilimtumia moja. Hakuitumia. Jana jioni nilimpata amemkalisha ndugu yake mdogo kwenye benchi la kanisa, suruali imekunjwa hadi magotini, malapa yamewekwa kando, na amemwambia asitingishike.